Ukienda Burzet Kutazama Magari ya Zamani

Rallye Monte-Carlo Historique, mashindano ya magari ya zamani, hupita milima ya Ardèche, kusini mwa Ufaransa, katikati ya baridi. Wengi huyangoja magari Monaco, yakiwa yamekwisha kazi. Wewe njoo Burzet, kijiji cha bondeni, ambako barabara inapanda kona kwa kona kuelekea Lachamp-Raphaël, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari.

Tangulia gari la kwanza kwa saa mbili nzima. Huko juu kuna upepo ambao wenyeji wanauita burle. Unazoa theluji mashambani na kuimwaga barabarani, na lami uliyoiona asubuhi mchana huioni tena. Beba minyororo ya matairi. Egesha nje kabisa ya barabara, pua ya gari ikitazama bondeni.

Mahali pa kusimama ndipo penye kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama upande wa nje wa kona, nikitaka picha nzuri. Ikaja Alpine A110, gari dogo la Kifaransa la mbio, mkia ukamponyoka dereva, ikajibamiza kwenye ukingo wa theluji hatua tatu kutoka magotini pangu. Injini ya Alpine iko nyuma, kwa hiyo ikiteleza, uzito wote unavutwa nje ya kona. Tangu siku hiyo napanda kwenye ukingo wa upande wa ndani, juu ya barabara kwa kimo cha mtu, na nahakikisha nyuma yangu kuna pa kukimbilia. Mtoto usimwachie mkono.

Ukishatulia, usitafute spidi. Kila gari limepangiwa wastani wa mwendo, usiozidi kilomita 50 kwa saa, na kuwahi kunaadhibiwa sawa na kuchelewa. Kwa hiyo mtazame navigeta, yule anayeketi kando ya dereva na kumpimia muda. Giza likiingia utaona taa ndogo juu ya karatasi, kidole kikifuata mstari, midomo ikihesabu sekunde, na dereva akikanyaga au kuachia mafuta kwa neno la huyo jirani yake. Kwangu hapo ndipo penye utamu wote.

Tega sikio pia. Mini, kile kigari cha Kiingereza, utaitambua kwa mlio wa gia zake kabla haijatokeza konani.

Mimi huisubiri Peugeot 504. Mwaka 1978 dereva Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda Monte-Carlo yenyewe, ile ya mbio, kwa Porsche 911, na mwaka huohuo akaja kushinda Safari Rally kwetu Kenya kwa 504. Baba yangu, fundi wa Nakuru, amezifungua injini za Pijo maisha yake yote. Juzijuzi ilipopita moja nilimpigia, nikainua simu juu asikilize. Akanyamaza mpaka mlio ukapotea, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo kabureta inamwaga mafuta." Na kweli, harufu ya petroli ilibaki hewani muda mrefu.

Usiwashe gari lako mpaka lile la kufunga msafara lipite.