Wimbo wa utambulisho wa tamthilia ya kusisimua: sekunde 30, hatua kwa hatua

Unahitaji programu ya kurekodi unayoimudu na kinanda cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta). Programu yoyote inafaa. Mabishano ya ipi bora hayajawahi kumaliza wimbo.

1. Muda. Muulize mhariri wa picha urefu kamili. Kwa fremu 25 kwa sekunde, sekunde 30 ni fremu 750. Fungua mradi kwenye 48 kHz, biti 24 (ubora wa sauti unaotumika kwenye video).

2. Mdundo. Mipigo minne minne humliwaza mtu, nawe hutaki atulie. Lalo Schifrin aliandika Mission: Impossible (1966) kwa mipigo mitano: miwili mirefu, miwili mifupi, na msikilizaji anabaki kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Usinakili mpangilio wake, utatambulika papo hapo, gawa 2+3. Kwa kasi ya 120 kwa dakika, kila mzunguko wa mipigo mitano ni sekunde 2.5, hivyo mizunguko 12 inatimiza 30.

3. Noti ya msingi. Shikilia A mwanzo hadi mwisho. Iguse B♭ (B iliyoshushwa nusu toni) juu yake, kisha rudi.

4. Melodi. Noti nne au tano zinazoweza kupigwa mluzi. Mark Snow, kwenye The X-Files (1993), aliweka sauti ya mluzi juu ya kinanda chenye mwangwi, basi. Violini za kompyuta zilizorundikwa hazitishi mtu. Filimbi moja iliyorekodiwa karibu, pumzi zikisikika, inatosha.

5. Besi. Masaa huishia hapa. A ya chini ni 55 Hz. Kwenye hedifoni inasikika imenona. Kwenye televisheni bapa haipo kabisa, maana vispika vyake vidogo hufifia chini ya takriban 100 Hz. Ukiongeza sauti unaharibu zaidi: besi bado haisikiki, ila limita (kinachozuia sauti isipite kikomo) inabanwa nayo na melodi inazama.

Nakili treki ya besi, ipandishe oktavu moja (110 Hz), uitie satureshini (kuikwaruza sauti ili izae masafa ya juu) mpaka 220 na 330 zijitokeze. Sikio litaijaza yenyewe noti ya 110, hata spika ikiififisha. Nakala ikate chini ya 90 Hz, ya asili chini ya 35.

Angalia haya. Satureshini iwe kwenye besi peke yake. A na B♭ zikipita humo pamoja zinatoa uchafu, si hofu. Besi ikikonda baada ya kuunganisha treki mbili, geuza polariti ya mojawapo (juu ya wimbi iwe chini) na ubakize iliyonona. Usiitanue kushoto na kulia, kwani kwenye mono (kushoto na kulia zikiunganishwa) inaweza kupotea. Mwisho sikiliza kwa spika ya simu, sauti ndogo, feni ikiwa imewashwa. Kama huwezi kuimba noti ya besi unayoisikia, rudia satureshini.

6. Kumaliza. Usitue kwenye A. Kata juu ya B♭ na uache mwangwi uvuke hadi tukio la kwanza.

7. Faili. Toa WAV, kamwe si MP3. Uliza kituo kinataka kiwango gani cha sauti. Kinachofuata EBU R128 (kanuni ya utangazaji ya Ulaya) kitataka -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika). Toa pia besi, mdundo na melodi kila moja peke yake: mhariri atahitaji mdundo mtupu chini ya mazungumzo, na noti mbili za filimbi kabla ya matangazo.