Jinsi ya Kujua Umri wa Pakiti na Matangazo ya Zamani ya Lucky Strike

Ukishika pakiti ya zamani ya sigara za Lucky Strike, macho hukimbilia lile duara jekundu. Liache kwanza, maana limekuwapo miaka mingi mno kuweza kukwambia mwaka. Anza juu ya pakiti, palipobandikwa stempu ya buluu ya ushuru wa serikali kuu ya Marekani, yenye sura ya DeWitt Clinton, aliyekuwa gavana wa New York. Tumia kioo cha kukuzia mara 10 usome neno "Series" na namba ya tarakimu tatu inayolifuata. Toa 100, kinachobaki kijumlishe na 1930. Series 108 ni 1938, Series 112 ni 1942. Hesabu hii inaanzia 101, yaani 1931, na inakomea 125, yaani 1955. Stempu ya 125 iliendelea kubandikwa hadi mfumo wenyewe ulipoachwa mwaka 1959, kwa hiyo ukiiona usiandike "1955". Andika "1955 hadi 1959".

Namba hiyo ni ya stempu, si ya siku pakiti ilipouzwa. Kiwandani walimaliza kwanza stempu zilizopo ndipo wakafungua mpya. Isome kama "si kabla ya mwaka huu" na hutakosea. Pakiti zilizopelekwa kwa wanajeshi ng'ambo hazikutozwa ushuru, basi usishangae kukuta stempu ya aina nyingine. Na kama pakiti ilifunguliwa, huenda namba ilichanika pamoja na karatasi. Hapo itabidi rangi ikusaidie.

Rangi ndiyo sehemu inayowapoteza wengi, kwa sababu kampuni yenyewe iliizungushia hadithi. Jina Lucky Strike lilianza mwaka 1871 kwenye tumbaku ya kutafuna ya R. A. Patterson, mjini Richmond, Virginia. American Tobacco Company iliichukua kampuni hiyo mwaka 1905, na sigara zikaja mwaka 1916. Pakiti ilikuwa ya kijani kibichi yenye mapambo ya rangi ya dhahabu. Shida ya kijani ilikuwa kwa wanawake, wateja ambao kampuni iliwataka kwa udi na uvumba: hakikuendana na nguo zao. Mwaka 1934 Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano na umma, alipewa kazi ya kukifanya kijani kuwa rangi ya mitindo ili nguo ndizo zifuate pakiti. Ndiyo, nguo zifuate pakiti. Hata dansi kubwa ya watu wenye nazo ikaandaliwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria, kila kitu kijani.

Mwaka 1940 George Washington Hill, bosi wa kampuni tangu 1925, aliwekeana dau la dola 50,000 na msanifu Raymond Loewy kwamba hataweza kuiboresha pakiti hiyo. Loewy alikifuta kijani, akaweka nyeupe, na akachapa nembo pande zote mbili. Kabla ya hapo mgongo wa pakiti ulijaa maandishi. Kwa njia hiyo, pakiti ikitupwa mezani au barabarani, inajitangaza kwa upande wowote itakaolalia. Nyeupe ilipoingia sokoni mwishoni mwa 1942, matangazo yalisema "Lucky Strike Green Has Gone to War", yaani madini ya wino wa kijani yamekwenda vitani. Vita vilikuwepo kweli, na madini yalihitajika kweli, ila mchoro mweupe ulishabuniwa na sababu ya kuutaka ilikuwa ya kibiashara. Ukiandika maelezo ya pakiti yako, usinakili tangazo kana kwamba ni historia.

Kwa mkusanyaji, yote hayo yanaishia kwenye kipimo chepesi. Kijani, na mgongo wenye maandishi, ni 1942 au kabla. Nyeupe, na nembo pande mbili, ni mwishoni mwa 1942 au baadaye. Series 112 inaweza kuwa halali kwa rangi zote mbili. Lakini nyeupe yenye Series 109 ni ya kutiliwa shaka: mara nyingi stempu imebanduliwa pakiti nyingine. Iinamishe pakiti chini ya taa ili mwanga uipige kwa ubavu. Mikunjo ya stempu lazima ilingane na mikunjo ya karatasi iliyo chini yake. Gundi ya zamani hukauka ikawa ya kahawia isiyong'aa. Ukiona utando unaometa pembeni mwa stempu, kuna mtu amepita hapo na gundi mpya.

Kaulimbiu zina manufaa tofauti. "It's Toasted", yaani "imeokwa", ni ya 1917 na ilidumu mno, kwa hiyo haikupi mwaka. Herufi L.S./M.F.T., kifupi cha "Lucky Strike Means Fine Tobacco" (Lucky Strike maana yake ni tumbaku bora), ni za kuanzia katikati ya miaka ya 1940. Onyo la afya ni la uhakika zaidi: linaloanza na "Caution" liliingia 1 Januari 1966, linaloanza na "Warning" na kumtaja Surgeon General, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, lilifuata mwishoni mwa 1970, na maonyo manne ya kupokezana yakaja Oktoba 1985. Pakiti isiyo na onyo kabisa, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ni ya kabla ya 1966.

Matangazo ya magazeti ni rahisi zaidi, kwa kuwa mengi yana mstari mdogo wa hakimiliki chini kabisa wenye mwaka na jina la kampuni. Tatizo lake ni nakala. Geuza ukurasa: wa kweli kwa kawaida una habari au tangazo jingine nyuma, nakala mara nyingi ni nyeupe tupu. Kisha utazame kwa kioo. Uchapaji wa zamani una vinukta vilivyopangika kwa safu, wakati printa ya nyumbani hunyunyiza chembe bila mpangilio. Mwisho, zima taa na umulike kwa tochi ya urujuanimno. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya vita, kwa hiyo tangazo la 1930 lenye kujigamba kwamba madaktari 20,679 wanasema Luckies hazikwaruzi sana koo halipaswi kuwaka buluu kama shati lililotoka kufuliwa. Likiwaka, madaktari hao wamechapwa juzi. Lakini tochi haithibitishi kinyume chake: karatasi isiyowaka bado inaweza kuwa nakala.

Pakiti ambayo haijafunguliwa iache hivyo hivyo, ila ujue ina chakula cha bungo wa tumbaku, mdudu mdogo wa kahawia wa milimita 2 au 3. Dalili zake ni vitundu vya mviringo kama vya sindano na unga unaodondoka ukiigonga pakiti. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Baadaye ihifadhi penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, mbali na jua, katika mfuko wa poliesta. Mifuko laini ya PVC hutoa kemikali zinazoyeyusha wino. Ukiitoa kwenye friza, usifungue mifuko kwa saa 24. Ukiifungua mapema, umande utatua kwenye pakiti yenyewe badala ya juu ya plastiki, gundi italegea, na stempu itadondoka na ile namba yake.