Namna ya Kukadiria Thamani ya Stempu za Zamani za Afrika Mashariki

Mtu anayerithi albamu ya stempu huuliza kwanza ni za mwaka gani, ilhali umri pekee hauifanyi stempu kuwa ghali. Stempu za senti za enzi za Mfalme George wa Sita, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, zilichapishwa kwa wingi mno hata leo zinauzwa kwa mafungu. Usizibandue wala kuziloweka kwanza, kwa sababu bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka, hasa wa posta ya mji mdogo, mara nyingi huishinda bei ya stempu iliyokatwa humo.

Ishike kila stempu kwa kibano, uitazame kwa lenzi mbele na nyuma. Meno, yaani vijino vya ukingoni mwa stempu, yawe kamili pande zote nne na karatasi isiwe na mkunjo wala mahali palipochubuka. Ambayo haijatumika hulipiwa zaidi ikiwa na gundi yake ya asili.

Kazi kubwa iko kwenye stempu za thamani ya juu. Ile ya pauni 1 yenye picha ya simba ilibandikwa pia kwenye hati za kulipia ushuru, ikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi, na ya namna hiyo haikaribii bei ya iliyopitia posta. Ndiyo maana walaghai huosha wino na kugonga muhuri bandia wa posta. Iinamishe kwenye mwanga: iliyooshwa huwa imefifia uso, na mchirizi wa kalamu mara nyingi hubaki umezama katika karatasi.

Zanzibar inataka tahadhari zaidi. Stempu za India zilizopigwa chapa ya neno “Zanzibar” kuanzia mwaka 1895 zina makosa yanayotafutwa sana, kama “Zanzidar”, lakini chapa bandia nazo ni nyingi, na binafsi nisingeinunua hata moja ya bei kubwa bila cheti cha mtaalamu. Zile zilizogongwa “Jamhuri 1964” kwa mkono baada ya Mapinduzi nazo huigizwa kwa urahisi.

Ukifungua katalogi ya Stanley Gibbons, kampuni ya Uingereza inayouza stempu na kuorodhesha bei zake, kumbuka kwamba bei zake ni za muuzaji kwa mnunuzi wa stempu safi. Wewe utapewa pungufu, pengine sehemu ndogo tu. Linganisha na bei zilizofikiwa kwenye minada, na mfanyabiashara akikutajia bei ya albamu nzima, mwulize ni ukurasa upi hasa anaoulipia.