Kisiki hai: jinsi ya kurudisha miti ya nyika bila kununua mche

Pita kwenye shamba la Dodoma mwezi Septemba. Utakuta vichaka vikavu vinavyofika magotini, vimetawanyika kila upande. Wengi huvihesabu kuwa magugu, na msimu wa kuberega, yaani kusafisha shamba kabla ya kupanda, ukifika huvifyeka na kuvichoma pamoja na mabua. Vingi ni miti iliyokatwa zamani: shina limeondoka, mizizi ingali hai. Kila mwaka inachipua, na kila mwaka panga au mbuzi huirudisha chini.

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Kwa hiyo mche wa kitaluni una miezi michache tu ya kuteremsha mzizi kabla udongo haujakauka, na mingi hufa kabla ya mvua ya pili. Kisiki kimeshamaliza kazi hiyo. Njia hii ya kutunza machipukizi ya visiki ilianza kuenea nchini Niger miaka ya 1980, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, akiihimiza, na huko imerudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni 5. Huku Dodoma njia hiyo huitwa Kisiki Hai.

Tambua visiki Aprili au Mei, majani yakiwa bado yapo, kwa sababu kiangazi vichaka vyote hufanana. Ukichelewa, gwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi li hai. Ukiona kahawia kavu, usikate tamaa mapema: gwaruza tena chini, karibu na udongo. Mbambara ndiyo huwadanganya watu zaidi. Hukaa miezi bila jani hata moja, lakini bandua lile gome jembamba kama karatasi utakuta kijani chini yake. Kwa gome hilo mti huendelea kujitengenezea chakula kidogo hata ukiwa mtupu.

Kwenye shamba la mtama au uwele, miti 16 kwa eka inatosha, yaani mmoja kila baada ya mita 16 hivi. Malishoni acha mingi zaidi. Mgunga upe nafasi ya kwanza: maganda yake hudondoka kiangazi, wakati mbuzi hawana kitu. Mkwaju, mkole na mpingo nayo usiipite. Mkulagembe uache mpakani, maana huchipua kutoka mizizini na kufunga shamba. Kikwata pia ni wa mpakani. Miiba yake ya ndoano ni ua mzuri na maua yake nyuki huyapenda. Mathenge, ule mti wa kigeni wenye miiba (Prosopis), usiutunze kabisa. Waulize watu wa Baringo, Kenya, ambako ulipandwa ili kuzuia jangwa, ukaishia kuteka malisho yao.

Kata kati ya Agosti na Oktoba, kwa panga lililonolewa. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi kumi au zaidi. Chagua matatu yaliyonyooka, manene, yaliyotokea chini kabisa karibu na ardhi; lililotokea juu ya kisiki kilichooza hubanduka upepo ukivuma. Mengine yote yaondoe. Panga lipande kutoka chini kwenda juu. Likishuka kutoka juu, tawi huinama kabla halijakatika na kuondoka na utepe wa gome la shina, wakati mwingine mrefu kama kiganja, na jeraha hilo ni mlango wa wadudu.

Kisha pogoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini tu. Chipukizi la mita 1 lisafishe sentimita 50, juu pabaki na majani. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasafisha hadi karibu na ncha ili mti urefuke haraka. Mvua ikija, kilele kinakuwa kizito juu ya shina jembamba, nalo linalala.

Usikimbilie kubakiza chipukizi moja. Mbuzi akilivunja, umerudi mwanzo. Subiri mwaka mmoja au miwili, ndipo upunguze ukitaka nguzo. Ukitaka kuni, acha matatu na uvune moja baada ya jingine.

Funga kitambaa cha rangi kali ili anayeberega au anayechunga ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Kilegee kiasi cha kupitisha vidole viwili. Kamba ya nailoni iliyokazwa hukata gome shina linaponenepa. Matawi ya miiba uliyokata yazungushie kisiki, ncha zikitazama nje. Mchwa watayala, kwa hiyo ongeza mengine kabla ya kiangazi kinachofuata. Ulinzi huu uendelee hadi kilele kipite mita 2, kwa sababu mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hufika juu kuliko unavyodhani.

Mwaka wa kwanza rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Machipukizi mapya yakiwa bado laini yanang'oka kwa vidole. Ukiyaacha yakakomaa utahitaji panga tena.

Mti ukishapata matawi ya kutua ndege, angalia chini yake unapopalilia. Ndege huangusha mbegu za mkole na matunda mengine ya nyika, na miche huota hapo yenyewe, midogo kama mchicha. Pitisha jembe kando yake.