Likizo ya boti ya tanga Ugiriki: mara ya kwanza nenda Ionian

Mtu akisikia Ugiriki na boti ya tanga anawaza Santorini na Mykonos moja kwa moja, na ni kuzuri kweli, ila huko ni visiwa vya Cyclades na Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, ukiamua kuvuma unavuma siku kadhaa mfululizo, nguvu 6 au 7 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort (0 ni shwari, 12 ni kimbunga), na kama mna watoto au watu hawajazoea bahari hiyo sio likizo tena. Mi nasema anzia magharibi, visiwa vya Ionian: Corfu, Paxos, Lefkada, Meganisi, Ithaca, Kefalonia. Asubuhi bahari imelala, mchana unaingia upepo wa kaskazini-magharibi, wenyeji wanauita maistro, mara nyingi nguvu 3 mpaka 5, usiku unatulia. Na visiwa vimekaribiana, yaani unakoenda unakuona kabla hujang'oa nanga.

Boti zinakodishwa kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi hadi Jumamosi. Ukitaka kuendesha mwenyewe Ugiriki wanataka cheti cha unahodha (ICC, yaani cheti cha kimataifa cha unahodha, inakubalika) pamoja na mtu mzima wa pili anayeijua kazi. Kama huna cheti kodi boti pamoja na nahodha, ila kumbuka analala humo humo na chakula chake ni juu yenu, kwa hiyo mkihesabu vitanda msimsahau. Cheti unacho ila moyo bado mzito? Tafuta flotila, boti kadhaa zinaenda njia moja na ya kiongozi ina fundi. Mwezi chagua Juni au Septemba, Agosti bandari zinafurika na bei iko juu.

Njia nzuri ya wiki inaanzia Lefkada. Siku ya kwanza msiende mbali, Meganisi inatosha, pale Spartochori kijiji kiko juu kilimani na chini kuna migahawa yenye gati zake, ukila kwao unafunga boti bila kulipia. Kesho yake Kioni kule Ithaca, halafu Fiskardo, kaskazini ya Kefalonia, moja ya sehemu chache za kisiwa hicho ambazo nyumba za zamani zilipona tetemeko la 1953, tembea pale jioni utaelewa. Usijaze ratiba, acha siku moja wazi kabisa.

Sasa kitu kinachoharibu likizo za watu wengi ni kufunga boti, sio kusafiri. Huku unaweka nanga ya omo (mbele ya boti) majini halafu unarudi rivasi mpaka tezi (nyuma ya boti) ifike gatini. Fenda zote (yale maboya ya kuzuia boti isigonge) na kamba mbili za tezi ziwe tayari kabla hujaingia bandarini, kila mtu ajue kazi yake. Simama mbele ya nafasi yako, angalia minyororo ya jirani imelala vipi usije ukaitupia nanga yako juu, kisha iachie ukiwa mbali na gati, urefu wa boti kama mara tatu au nne, rudi taratibu huku mnyororo unatoka bila kukwama. Kukiwa na upepo wa ubavuni funga kwanza kamba ya upande upepo unakotoka. Mkishafunga zote mbili kaza mnyororo mpaka ukatae, ukiona unakuja tu ujue nanga haijashika na lazima mrudie, hata kama watu wote mgahawani wanawaangalia, rudieni, kwa sababu nanga iliyolegea itawaamsha saa nane usiku boti inagonga ukuta. Ndo maana nasisitiza mfike kabla ya saa nane mchana, upepo haujapamba na nafasi bado zipo.

Humo ndani maji ya tangi ni machache, kuoga kuwe kwa haraka, na karatasi haitupwi chooni hata kidogo maana bomba ni jembamba na likiziba mnalizibua nyie. Utabiri wa hewa usomwe kila asubuhi. Redio ya boti iwe chaneli 16, ya dharura, muda wote, walinzi wa pwani wa Ugiriki wanapatikana pia kwa simu 108.

Ingawa mnashuka Jumamosi, boti nyingi zinatakiwa zirudi Ijumaa jioni, na foleni ya mafuta huwa ndefu, so Ijumaa ondokeni mapema mkajaze tangi kabla wengine hawajafika.