Wenye Outlander PHEV (hybrid ya kuchomeka chaji), mkishuka mlima Kitonga kule Iringa acheni kukanyaga breki muda wote

Zile pedo nyuma ya usukani sio pambo jamani, ya kushoto inaongeza nguvu ya kushika gari mpaka B5 (ngazi ya juu kabisa) na ya kulia inapunguza, kwahiyo ukianza kushuka weka B4 au B5 achia mafuta, mota inageuka jenereta inarudisha chaji kwenye betri na breki pedi hazipati moto. Ila betri ikiwa full haina pa kuweka umeme na gari linashika kidogo, so usipande juu huku unachaji, bakiza nafasi. Na gari la nyuma likikusogelea gusa breki kidogo taa ziwake. Wa Prius, B yenu ya kwenye gia ni injini ndo inasaidia kushika, tambarare rudisheni D.