Namna ya kuandaa makala ya kitaaluma kwa Kiswahili bila kuchukua jasho la mwingine

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikiipunguza tasnifu yangu ili nipate makala moja ya kupeleka katika jarida, nilikuta aya nzuri mno katika daftari langu la kusomea. Hoja ilikaa sawasawa na mwandiko ulikuwa wangu, lakini sikuweza kukumbuka kama aya ile niliitunga mwenyewe au niliinakili kutoka katika kitabu nilichokisoma maktabani na kukirudisha. Nilipoteza siku mbili nikiitafuta asili yake, sikuipata, nikaifuta. Tangu hapo naamini kwamba makala hutengenea au huharibika kimaadili katika daftari, mapema kabisa, na kwamba programu ya kukagua ufanano wa maandishi inayotumiwa mwishoni hukuta mambo yameshakwisha kuwa.

Anza na swali linaloweza kujibiwa kwa muda, fedha na miguu uliyo nayo. "Lahaja za Zanzibar" ni mada ambayo mtu anaweza kuzama ndani yake asitoke. "Je, wavuvi wa Makunduchi walio chini ya umri wa miaka 30 bado wanayatumia majina ya Kikae, lahaja ya huko, ya sehemu za ngalawa?" ni swali, na ukiliona tu unajua utakwenda wapi, utazungumza na nani na utauliza nini. Jambo hili lina uzito wa kimaadili kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwandishi aliyejitwisha mada pana hufika wiki ya mwisho akiwa na kurasa tupu, na hapo ndipo kishawishi cha kunakili, au cha kukaa chini ya mwembe na kujijazia hojaji mwenyewe, kinapomjia.

Vibali vishughulikie mapema. Mwanafunzi wa Tanzania Bara kwa kawaida huanza na barua ya chuo inayompeleka kwa katibu tawala wa mkoa, na kutoka hapo hushuka wilayani hadi mtaani au kijijini. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na hakuna atakayekusikiliza Makunduchi kama hujapita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Utafiti unaohusu afya ya watu una milango yake ya ziada ya kamati za maadili. Lakini kibali cha serikali hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu unayemhoji. Mzee fundi wa ngalawa anastahili kuambiwa kwa lugha ya kueleweka: "Shikamoo babu. Ninaandika makala ya chuo kuhusu majina ya ngalawa, na ningependa kukurekodi. Ukitaka nitaandika jina lako, ukitaka nitalificha, na ukichoka tutaacha hata kama hatujamaliza." Wengi wetu tumefundishwa kuficha majina ya watoataarifa bila kufikiri, ilhali fundi aliyefanya kazi hiyo miaka 40 huenda angefurahi kutajwa kama mtaalamu anavyotajwa. Mwulize. Sauti yake uliyoirekodi ni taarifa binafsi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zimelifanya suala la kuitunza kuwa zaidi ya adabu njema.

Sasa turudi kwenye daftari. Kila unachokiandika unaposoma kipe alama moja kati ya tatu: N kwa nukuu, yaani maneno ya mwandishi neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu na pamoja na ukurasa, M kwa muhtasari, yaani hoja yake kwa maneno yako, nayo iwe na ukurasa, na W kwa wazo lako lililozuka ulipokuwa ukisoma. Muhtasari uandike baada ya kukifunga kitabu, kisha kifungue uhakiki kama umemtendea haki mwenye hoja. Mtu anayeandika muhtasari huku macho yake yakiwa juu ya ukurasa hubadilisha maneno akaacha mifupa ya sentensi ilivyo.

Nitaonyesha ninachomaanisha kwa aya niliyoitunga kwa ajili ya somo hili tu. Tuseme umesoma hivi: "Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilirithi uamuzi uliokwisha kufanywa Mombasa mwaka 1928 wa kuifanya lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na uamuzi huo uliwaacha wapenzi wa Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, wakinung'unika." Mwanafunzi mmoja anaandika: "Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza shughuli zake mwaka 1930, ilipokea uamuzi uliokuwa umefanyika Mombasa mwaka 1928 wa kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na jambo hilo liliwaacha washabiki wa Kimvita, lahaja yenye utajiri mkubwa wa mashairi, wakilalamika." Hata akiweka jina la mwandishi na ukurasa mwishoni, bado ameazima sentensi nzima akaivika shati jipya. Mwingine anaandika: "Lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa mwaka 1928, miaka 2 kabla ya Kamati kuanza kazi. Mwandishi huyu anaona kwamba uchaguzi huo uliwaudhi wapenzi wa Kimvita (uk. 14). Ikiwa ndivyo, basi anayetafuta chimbuko la manung'uniko hayo hawezi kuishia kwenye kumbukumbu za Kamati." Hapa mambo matatu yametengana. Tarehe ni maarifa ya wote na hazihitaji kutajiwa mwenyewe. Hukumu kuhusu manung'uniko ni ya mwandishi na amepewa yeye. Na sentensi ya mwisho ni ya mwanafunzi mwenyewe, naye anaweza kuulizwa juu yake.

Kuna wizi mwingine ambao sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaujua vizuri na hatuusemi kwa sauti, nao ni wa kutafsiri. Mtu huchukua kurasa tano za Kiingereza kuhusu nadharia fulani, huzigeuza kuwa Kiswahili, wakati mwingine kwa jasho la kweli la kutafuta istilahi, kisha huziweka katika sura ya pili kana kwamba ni zake. Programu ya kukagua ufanano hulinganisha maandishi na maandishi yaliyomo katika hazina yake, kwa hiyo mara nyingi tafsiri ya namna hiyo hupita ikiwa na asilimia ndogo ya kupendeza. Asilimia hiyo haijathibitisha chochote, kama ambavyo asilimia kubwa inayotokana na orodha ndefu ya marejeleo na nukuu zilizowekwa vizuri haimtii mtu hatiani. Ukitafsiri maneno ya mtu, yaweke katika alama za kunukuu, taja chanzo, na uandike kwamba tafsiri ni yako. Ukitafsiri hoja tu, ishughulikie kama muhtasari wowote mwingine. Na istilahi ya Kiswahili iliyobuniwa na mtaalamu fulani katika makala yake, ambayo bado haijaenea, mpe mwenyewe. Wengi wetu tumezipokea istilahi hizo kama mvua, bila kujiuliza zilitoka wapi.

Rasimu ya kwanza iandike haraka, marejeleo ukiyaweka papo hapo. Ahadi ya "nitaweka baadaye" ndiyo iliyonipotezea zile siku mbili.

Kuhusu akili unde (AI), msimamo wangu ni mgumu kidogo kuliko wa wenzangu wengi. Programu hizi zinaweza kukusaidia kuona kwamba aya yako haieleweki, lakini hubuni marejeleo yenye majina na kurasa za kuaminika kabisa ambayo hayapo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao, baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kiswahili kina hatari ya ziada, kwa kuwa programu hizo hukutungia istilahi na hata methali zenye sura ya kweli ambazo hakuna mzee aliyewahi kuzisikia. Usitaje chanzo ambacho hujakishika au kukifungua mwenyewe. Kama umeitumia programu, soma kanuni za chuo au jarida lako na ueleze uliitumia wapi. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilikwisha kusema mwaka huohuo wa 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika.

Uwajibikaji huohuo ndio unaoamua ni majina ya binadamu gani yaandikwe kama waandishi wa makala. Kigezo kinachotumiwa sana, cha kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyoanza Vancouver mwaka 1978, humtaka mwandishi awe amechangia kwa uzito utafiti wenyewe, ameandika au kuhakiki andiko, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kulijibia. Si lazima kila fani ikifuate neno kwa neno, lakini kinasaidia katika mazungumzo magumu ya kwetu, pale msimamizi anapotarajia jina lake litangulie katika kazi aliyoisoma mara moja. Mazungumzo hayo yafanye kwa heshima kabla ya kuandika, na makubaliano myaweke katika barua pepe. Jina katika makala ni deni: makala ya The Lancet ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilikuwa na waandishi 13, na mwaka 2004 kumi kati yao walilazimika kujitenga hadharani na tafsiri ya matokeo yale, kabla jarida halijaifuta makala yote mwaka 2010.

Unaporekebisha, soma kwanza kwa jicho la mpinzani: wapi umeyaacha majibu yaliyokataa kuafikiana na hoja yako? Kama wavuvi 4 kati ya 20 walijibu tofauti na wengine, waandike. Kisha soma kwa sauti. Sentensi isiyo yako ina mapigo yake, na sikio litaijua kabla ya jicho. Halafu hakiki rejeleo moja moja, jina, mwaka na ukurasa, ukiangalia pia kama chanzo chenyewe hakijafutwa na jarida lake. Kazi hii fanya mwenyewe. Msomaji wa lugha anaweza kulipwa kusahihisha tahajia na ngeli, na ni vizuri ashukuriwe. Lakini kijana wa steshenari anayeahidi "kuishusha asilimia" kwa kubadilisha maneno anakuandikia kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Peleka makala katika jarida moja kwa wakati mmoja. Jarida linalokuahidi uhakiki wa siku tatu na kukudai fedha kabla halijasoma ikisiri liepuke. Maoni ya wahakiki yakirudi, yajibu moja baada ya jingine, na usipokubaliana na mhakiki eleza sababu badala ya kujifanya umerekebisha.

Makala ikitoka, chapisha nakala moja uirudishe Makunduchi. Fundi akikuonyesha kwamba umelikosea jina la mrengu, mwandikie mhariri aweke sahihisho.